Kikohozi cha Baba Ikupa

Jumatano asubuhi, pale Galula, Mama Ikupa alikuwa anapepeta mchele wa harusi yake, mara mumewe marehemu akatoka kaburini nyuma ya migomba, akajikung'uta udongo, akaja kukaa jikoni. Alikuwa anakohoa.

"Karibu, Baba Ikupa. Kuna nini tena?"

"Huko chini hakukaliki, mke wangu. Gesi."

Akaeleza vizuri, maana amekaa huko miaka saba. Kampuni imeyawasha makaa ya mawe humo humo ardhini. Wanasukuma hewa kwa bomba moja ili gesi itokee bomba la pili. Lakini wanasukuma kwa pupa. Maji yaliyokuwa yakiizuia yanakimbia, gesi inapenya kwenye nyufa za makaa, inapanda mwambani, inaingia kwa watu bila hodi.

Mama Ikupa akammiminia chai. Alimhurumia, lakini roho ilimuuma: Jumamosi alikuwa anaolewa na Sadock, fundi cherehani, mwanamume mpole asiyekohoa. Naye mchungaji alipopita akamkuta marehemu anatafuna kiazi, akatikisa kichwa. "Mama, kifo ndicho kinachotenganisha. Sasa si huyu hapa?"

Mjane afanyeje? Akamwita Jastin, mhandisi wa kampuni, wazime moto Baba Ikupa arudi akapumzike. Jastin akaja na kipimo cha gesi. Akakisogeza kifuani kwa marehemu, kikalia. Akarudi nyuma hatua tano, kikalia. Akaenda nacho mpaka barabarani, kikanyamaza. Akaandika hapo hapo kwamba hakuna gesi iliyotoka ardhini, akagonga muhuri.

"Na mimi je?" Baba Ikupa akauliza.

"Mzee wangu, kwa mujibu wa ripoti, wewe hujatoka."

Mama Ikupa akamwita Jastin mwongo mbele ya majirani. Lakini hasira hasara. Akaisoma ile karatasi mara ya pili, akaikunja, akampelekea mchungaji. Kama hajatoka, basi yuko kaburini. Kama yuko kaburini, yeye ni mjane. Aliona aibu kidogo, ila mchele ulishapepetwa.

Jumamosi Baba Ikupa alikaa benchi la mbele na suti aliyozikiwa nayo, Sadock mwenyewe ameipiga pasi. Mchungaji akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Baba Ikupa akakohoa. Kanisa zima likamsubiri amalize.

"Samahani, mchungaji. Ni gesi tu."

Mchungaji akaifungua karatasi, akautazama muhuri.

"Gesi hakuna," akasema, akaendelea.