Kapya kwa Deborah

Mimi nimelala katika miji mingi kuliko vitanda nilivyowahi kununua. Sakania nilipakua magunia ya unga, Lukafu nililima mihogo ya watu, na shule nilisoma vipande vipande, kingine huku, kingine kule. Kitu nilichojifunza mpaka mwisho ni foni, ile redio ya kusemezana. Kule Lukafu padri mmoja alinionyesha namna ya kusema ndani ya redio: unasema kidogo, unamaliza na "atwa", yaani zamu yako, halafu unanyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu.

Basi mvua kubwa iliponikuta Lubumbashi, mtaani Katuba, Mama Albertine aliniweka karibu na meza yake. Yeye ndiye mkubwa wa kamati ya dharura pale. Alikuwa amegawa redio ndogo za mkononi kwa watu anaowatumaini, lakini kanali, yaani njia ya sauti, ilikuwa moja tu kwa wote, na asubuhi ile hatukuokoa hata kuku. Watu walikuwa wanasalimiana, wanaulizana nani ameamka vipi.

"Jambo yenu, mama. Mulilamuka? Batoto? Atwa."

"Tulilamuka, baba. Na bibi yako, homa ilipona? Atwa."

Nani atakataa salamu ya mkubwa? Hata mimi nisingekataa. Lakini maji yalikuwa yanapanda, nikaichukua redio.

"Salamu ya leo minapana mimi, ya bantu bote, mpaka magaribi. Bibi zenu bote iko muzuri. Sasa tutumike! Atwa."

"Huyu mzee haiko na adabu," Mama Albertine alisema, lakini alikuwa anacheka.

Mchana kijito kikavunja kingo, na kicheko kikamkauka. Ng'ambo ya maji alikuwa Deborah, mke wa kitindamimba wake, mwenye mimba ya kwanza, ameshikwa na uchungu. Mume wake alikuwa mgodini. Aliyekuwa naye nyumbani ni jirani yao Kapya, mtu wa kamati, mwenye redio ambayo batri yake ilikuwa inakufa. Ambulansi ilijaribu kuvuka pale bondeni, maji yakaingia mlangoni, mota ikazimika, vijana wakairudisha kwa kuisukuma.

"Kapya!" Mama Albertine aliita. "Kapya, unanisikia? Atwa."

Krrr.

"Kapya! Kwa Deborah iko namna gani? Kapya! Kapya!"

Sauti nyingine ikaingia, ya haraka. "Minasikia, mama! Kapya kwa Deborah! Minakuya! Atwa!"

Alikuwa Adrien, dereva wa siterne, lile gari la tangi linaloleta maji mtaani mifereji ikikauka.

"Adrien, hapana we! Toka ku kanali!" Lakini Adrien alishaiweka redio chini, mikono yote miwili kwenye usukani.

Nikamuuliza mama, "Adrien kwao wanasema luga gani?"

"Mama yake ni wa Kasai. Wanasema Tshiluba."

Tukaangaliana. Kwa Tshiluba, kapya ni moto.

"Yesu wangu," alisema Mama Albertine. "Anapelekea maji bantu benye kuzama!"

Nilicheka, sikuweza kujizuia. Akanipiga begani. "Mzee! Mujukuu wangu iko kule!"

Hapo nikafikiri. "Siterne yake imejaa?"

"Alijaza asubuhi."

"Basi umuache. Ambulansi ni bati, maji inaibeba. Ile ya Adrien leo ni jiwe, tena iko juu."

Aliishika redio kifuani kwa mikono miwili kama mtu anayebembeleza mtoto. Sisi wote pale mezani tulikuwa tunasikiliza ile krrr kana kwamba ni wimbo.

"Mama, minafika! Maji ilifika mpaka ku taa, lakini minapita! Sasa moto iko wapi? Atwa."

"Hakuna moto, mwanangu! Kapya ni jina ya muntu! Ni Deborah, anataka kuzala! Mubebe! Atwa."

Krrr.

"Mama... niko na bomba mu mukono. Atwa."

Nyuma yake tukasikia sauti nene: "Kapya ni mimi. Tupa bomba, fungua mulango!"

Wakarudi polepole, Deborah katikati yao kwenye kiti cha mbele, akiwatukana wote wawili, Kapya kwa jina lake na Adrien kwa masikio yake. Hiyo sikuisikia mwenyewe, Adrien ndiye anayeihadithia kila anaponiona. Na Kapya tangu siku ile kwenye redio anaitwa Maji.

Jua lilikuwa limeanza kulegea wakati Kapya aliposema kwa redio ya Adrien: "Mama, tuko mu hospitali ya uzazi. Ngoja kiloko, kidogo tu."

Kikaja kilio, chembamba, cha hasira, cha mtu aliyeamshwa vibaya. Kiliendelea. Halafu Kapya akasema, "Ni wa kike. Atwa."

Mama Albertine alibonyeza redio, kisha akaiachia. Kanali nzima ilikuwa inamngoja. Akanigeukia.

"Mzee, nisemeje?"

"Salamu," nikamwambia. "Sasa ruksa."

Akaisogeza redio mdomoni. "Jambo yako, mama. Ulilamuka muzuri? Atwa."

Kabla mtoto hajajibu, walikwisha kuingia wote, mmoja juu ya mwingine, jambo yako mama, jambo sana mama, na kanali haikupatikana tena mpaka magharibi.