Kikao cha Ukoo Kuhusu Gia

Kwetu hakuna mtu asiyejua kitu. Ukiumwa kichwa, sebule inajaa madaktari kabla hujamaliza kulalamika. Ukitaka kununua pasi, kila mmoja ana ya kwake anayoiapia. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno, lakini hao wahenga hawakuwahi kukaa kikao na ukoo wetu. Nawasimulia jinsi watu wazima, wenye kazi zao na heshima zao, walivyobishania kigia kidogo kuliko kifungo cha koti, na nyumba ya baba yangu ikiwa imewekwa rehani juu ya ubishi huo.

Baba alikuwa mwalimu wa udereva. Mtaani wanamwita Mzee Taratibu, kwa sababu hilo ndilo neno alilolisema kutwa kucha akiwa kiti cha abiria, mguu juu ya breki yake ya ziada. Macho yalipoanza kupungua nguvu, leseni yake haikuongezwa tena. Akanyong'onyea. Chai ilikuwa inapoa mbele yake, ukimsemesha anaitikia tu. Kisha akanunua lori la rimoti, urefu wake kama mkono wa mtu, matairi manene, bodi nyekundu. Basi akarudi kuwa mtu. Akaanza kuamka mapema, kunichekesha, kuwagombeza watoto wa jirani wanaokanyaga njia ya lori lake. Mimi ni msusi, nasuka barazani, naishi naye, kwa hiyo sikuhadithiwa. Niliona.

Mota iliyokuja na lile lori ilikuwa ya brashi, yaani ina vipande vya kaboni ndani vinavyosugua mpaka vinakwisha. Ilipochoka, Baba akaagiza mpya isiyo na brashi. Hiyo ni kali, jamani. Ukigusa rimoti tu, magurudumu yanapiga kelele. Ndani ya boksi kulikuwa na pakiti ya vigia vya chuma vya kuvalisha kwenye shina la mota: kimoja cha meno kumi na mawili, kingine kumi na matano, kingine ishirini. Kigia hicho ndicho kinachosukuma gia kubwa ya plastiki, na gia kubwa inasukuma magurudumu. Meno machache, lori linakwenda polepole lakini lina nguvu, na mota haipati moto. Meno mengi, lori linakimbia kama limeiba, ila mota inahenyeka na kuchemka. Mimi nilielewa upesi, maana hata nywele zilizosokotana huzianzi kwa kitana cha meno mengi.

Sasa aje kaka yangu mkubwa. Kaka ni msimamizi wa walinzi. Redio ya mkononi haimtoki kiunoni hata msibani, na tangu apewe cheo hazungumzi na watu, anatoa maagizo. Sisi nyuma ya mgongo wake tunamwita Ova, lile neno analomalizia kila agizo redioni. Siyo mtu mbaya, nisimsingizie. Anampenda Baba. Lakini anampenda kama anavyolinda ghala: lifungwe, liwekwe mtu mlangoni, taarifa ipelekwe kwake. Aliposikia kwamba Baba ameagiza mota ya lori la kuchezea, akaona ushahidi umetimia. Mzee hawezi tena kujiangalia. Ahamie kwake, kwenye chumba cha uani. Na chumba kilikuwa tayari kimepakwa rangi, kitanda kimeingizwa, hata mapazia mke wake alishachagua, ya maua. Hakuna aliyemwambia Baba mpaka pazia la mwisho lilipoangikwa. Nyumba hii ingepangishwa. Na mimi? Eti kiti changu cha kusukia kingepata pahali.

Kikao kikaitishwa sebuleni kwetu. Mwenyekiti alikuwa shangazi, dada yake Baba, fundi cherehani, mwanamke asiyeshindwa na neno. Dada yetu muuguzi alikuja akiwa bado na sare za kazini. Kaka akasimama, maana kukaa humpunguzia mamlaka, akaeleza macho ya Baba, magoti ya Baba, na umri wa Baba kama vile Baba hayumo chumbani. Baba alikuwa mezani na lori lake, vile vigia vitatu vimepangwa mbele yake kwenye kisahani. Kaka akavinyooshea kidole, akasema mtu ambaye siku zote hizi hajaamua gia ya kigari cha kuchezea, maisha yake ataamuaje?

Mimi nikataka kusema, shangazi akanikata jicho.

Baba akafuta mikono. "Pale ghala la mbao kuna njia ya mteremko ya kupakia mizigo," akasema. "Jumamosi lori langu litaipanda na matofali nyuma. Likifika juu, nabaki kwangu na maneno haya yaishe. Lisipofika, nahama."

Ungedhani mtu mwenye akili atasema jamani, hatuwezi kumhamisha mzee kwa ajili ya lori la kuchezea. Thubutu! Walikubali wote, tena kwa furaha, na kabla hawajavaa viatu mabishano yalishaanza: gia ipi?

Kuanzia siku hiyo nyumba haikuwa na pumzi. Watu ambao kumjulia hali Baba walikuwa wanatuma ujumbe, sasa wanakuja wenyewe. Shangazi alishika upande wa meno kumi na matano, kwa sababu katikati hapajawahi kumwumiza mtu. Yeye nguo zote hukata saizi ya kati kisha mvaaji ajijue. Dada alileta kile kipimajoto cha kuelekezea wagonjwa kwenye paji la uso, akawa anaielekezea mota ambayo haijawashwa na kutangaza kwamba haina homa. Kaka ndiye aliyekuwa upande wa meno ishirini. Hoja yake ilikuwa kwamba mota ina nguvu, sasa nguvu unazibania nini? Mlima unapandwa kwa mbio. Alisema hivyo akitembea huku na huku, akiwaeleza kwa redio na walinzi wake wa zamu, na wao, maskini, wakimjibu ndiyo mkuu. Anaendesha gari la kazini kila siku na alifundishwa na Baba mwenyewe, lakini kumbukumbu ya mtu mwenye cheo huchagua pa kukaa. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Baba aliwasikiliza wote, akaitikia "ehe" na "kumbe", akawamiminia chai.

Nikaanza kuingiwa na hofu. Nilidhani kweli hajui. Usingizi ulinipaa nikiwaza chumba cha uani, Baba ameketi kati ya mapazia ya maua akingoja kuitwa kula.

Asubuhi moja nilirudi mapema kutoka kununua nyuzi za kusukia, nikasikia mlio mwembamba nyuma ya nyumba. Baba alikuwa ameegemeza ubao kwenye ngazi za jikoni, mwinuko wa kutisha, na lori linapanda, linakokota kitela cha matofali nyuma yake, polepole, bila kutetereka, kama mwanafunzi wa siku ya kwanza anayeogopa mwalimu wake. Likafika juu. Baba akaweka kidole kwenye mota, akakiacha hapo. Haikuwa ya moto. Kisha akalegeza skrubu, akachomoa kigia cha meno kumi na mawili na kukirudisha kwenye kisahani pamoja na wenzake, akavalisha kingine cha kuwazuga wabishi, akapitisha kipande cha karatasi kati ya gia mbili kupima nafasi. Kila kitu sawasawa kabisa. Moyo wangu ukatua. Sikumwambia kitu, nikarudi barazani nikiimba.

Jumamosi ukoo mzima ulihamia ghala la mbao. Walinzi wa pale wako chini ya Kaka, kwa hiyo tulifunguliwa geti kwa saluti, na walinzi wenyewe wakajipanga ukutani kushuhudia. Njia ya kupakia mizigo ilikuwa ya zege, ndefu, imechubuka chubuka na matairi ya malori ya kweli. Baba akaweka lori chini, akapakia matofali. Niliona kigia kilichokuwa kwenye mota. Kilikuwa kile kidogo. Nikacheka peke yangu.

Ndipo Kaka akapiga hatua mbele. Akasema yeye hataki kesho watu waseme alinyamaza akiona mzee anakosea. Kigia hicho ni cha woga. Akafungua kiganja, na humo kulikuwa na cha meno ishirini, alikichukua kwenye kisahani bila kuomba. Akasema kiwekwe hiki. Akasema ni kwa faida ya Baba mwenyewe.

Baba akamgeukia. "Una hakika?"

"Nina hakika."

"Basi funga mwenyewe."

Akampa kifunguo cha skrubu. Nilikuwa nafungua mdomo kupiga ukelele, Baba akaniinulia kiganja kidogo tu, hapa usawa wa mkanda, vile alivyokuwa akiwazuia wanafunzi wasikanyage mafuta. Nikafumba mdomo. Nilimchukia Kaka saa ile, na Baba pia nilimchukia kidogo. Kaka alipiga magoti na suruali yake ya sare, akafunga kigia, akainuka akajipangusa vumbi kama daktari aliyetoka chumba cha upasuaji.

Baba akabonyeza. Lori lilipita sehemu tambarare kwa kasi ambayo hatujawahi kuiona, walinzi wakashangilia, Kaka akatikisa kichwa kwa kuridhika. Likagusa mteremko. Likapanda, likapanda, sauti ikabadilika ikawa nzito. Likapunguza mwendo. Dada akakimbilia kando yake na kipimajoto, akasoma namba, akasoma tena, akasema hii ingekuwa binadamu tungeshampoteza. Kisha ukatoka moshi mwembamba pale chini ya bodi, na harufu ile ya waya unaoungua. Lori likasimama. Likaanza kurudi nyuma kwa uzito wa matofali, taratibu, mpaka likafika miguuni pa Kaka.

Shangazi aliangalia juu. Walinzi waliangalia mabuti yao. Mimi machozi yalishanilenga, maana makubaliano ni makubaliano, na Baba hajawahi kuvunja neno lake.

Baba akainama kwa shida, akashika goti, akaligeuza lori tumbo juu. Akamwonyesha Kaka mota iliyokuwa nyeusi.

"Gia umechagua wewe, mwanangu," akasema. "Iliyoungua ni mota yangu."

Hakusema kwa hasira. Angekasirika ingekuwa nafuu. Redio ya kiunoni ikaita, mtu akauliza mkuu kuna tatizo gani, na mkuu akaizima. Baba akachukua lori lake kwapani, akasema twendeni, ana nguo za kufungasha.

Njiani nilimsema. Sikujali heshima, nilimsema. Nikamwuliza ulikuwa na ushindi mkononi, umewezaje kuutupa? Akaniambia kwamba angeshinda kwa kigia chake, Kaka angesema lori ni zuri, na mwezi ujao angepata sababu nyingine, magoti au jiko la gesi. Amefundisha watu maisha yake yote na hajaona aliyejifunza kwa kuambiwa. Lazima gari limzimikie mtu mlimani, mikononi mwake mwenyewe, watu wakiona, na mwalimu asiguse breki.

"Na kama hakuelewa?"

"Nahama," Baba akasema. Akalihamishia lori kwapa la pili, kisha akalirudisha, nikajua kwamba anaogopa kuliko mimi.

Akafungasha kweli. Sanduku likawekwa koridoni.

Kesho yake nilikuwa barazani namshonea mteja nywele za bandia, Kaka akaja. Peke yake, shati la nyumbani, hana redio. Nilimwona kama mtu asiye na sikio moja. Alipita karibu yangu akanisalimia kwa sauti ya chini, akakuta Baba ameketi kwenye ngazi, akaketi ngazi ya chini yake. Akaweka boksi kati yao. Mota mpya. Alikaa pale akigeuza geuza lile boksi muda mrefu mno kwa mtu wa maagizo.

"Baba," akasema. "Wewe ungeweka ipi?"

Baba akaingiza mkono mfukoni, akamwekea kile kidogo kiganjani. Kaka akakitazama. Akauliza kwa nini, Baba akamweleza, na Kaka akasikiliza mpaka mwisho bila kumkata. Sijawahi kuona jambo hilo tangu nizaliwe.

"Na kile chumba?" Kaka akauliza.

"Hukuniuliza kabla ya kupaka rangi."

"Nakuuliza sasa."

"Sitaki," Baba akasema. "Nataka kukaa kwangu. Na nyinyi muwe mnakuja."

Kaka akasema sawa. Akavuta lori, akalilaza mapajani, akaanza kulegeza skrubu za mota iliyoungua, na Baba akainama juu ya bega lake kumwonyesha ipi itangulie. Mimi nikageuza uso ukutani nikalia, na mteja wangu akaniuliza kama nimejichoma na sindano.