Mtihani Ni Mmoja

Pacha wawili waliingia kidato cha pili, mkubwa akapangwa mkondo A na mdogo, ambaye nyumbani walimwita Kitinda, akatupwa mkondo D. Walimu waliwaambia wa mikondo ya chini wasivunjike moyo, kwani atakayefaulu mtihani wa mwisho wa muhula atapandishwa mkondo.

Kitinda akajifunga kibwebwe. Hesabu zote alizofundishwa alizifanya mpaka akaziota usingizini. Lakini siku ya mtihani alipofunua karatasi, nusu ya maswali hakuwahi hata kuyasikia. Aliyoyajua aliyapata yote, na bado akabaki D.

Akamfuata mwalimu wa hesabu ofisini.

"Mwalimu, sisi hesabu za logi hatukufundishwa."

"Hizo ni za wale wa A," mwalimu akamjibu kwa upole. "Ninyi zingewaelemea bure, mwanangu."

"Lakini mtihani ni mmoja, mwalimu."

Mwalimu akaendelea kusahihisha madaftari yake. Kitinda alisimama pale, asijue kama ameruhusiwa kuondoka.

Jioni dada yake, yule pacha wa mkondo A, akamwita mezani. "Njoo nikuelekeze hizo logi. Si ngumu hivyo."

"Ninyi mmefika wapi sasa?"

"Tumeshazimaliza. Kesho tunaanza mada nyingine."

Kitinda akapiga hesabu kichwani. Hata akikesha, atakuwa anajifunza waliyoyaacha wenzake, na mtihani ujao utauliza ambayo bado hajaambiwa yapo.

"Haya, nielekeze," akasema, akivuta kiti huku machozi yakimlengalenga.