Kitabu cha Nyuki Hakijarudi

Mjini kwetu hakuna anayeniita kwa jina. Wananiita Mama Rudisha, tena wanadhani sijui. Najua. Mimi ndiye mkutubi wa maktaba ya umma, na jina hilo nimelichuma kwa jasho langu. Nikikutana sokoni na mtu mwenye kitabu chetu, kwanza kitabu, salamu baadaye. Daktari wa meno aliwahi kuning'oa jino huku nikimkumbusha kitabu chake. Maneno hayakutoka vizuri, lakini alielewa. Kuna mzee mmoja alifariki akiwa na kitabu chetu cha ufugaji wa kuku, na watu wanasema nilimwuliza mjane habari za kitabu palepale makaburini. Uongo mtupu. Nilisubiri mpaka tulipofika nyumbani.

Zamani maktaba hii ilikuwa na enzi yake. Nilipoanza kazi, watu walipanga foleni kabla sijafungua mlango, na kiti alichoinuka mmoja kilikaliwa na mwingine kabla hakijapoa. Kisha zikaja simu. Kila mtu akawa na maktaba mfukoni, au ndivyo alivyodhani, nami nikabaki na viti. Siku hizi wanaoingia wanatafuta soketi ya kuchajia, au choo, au mahali pa kusinzia bila kuulizwa wanafanya kazi gani. Wasinziaji hufungua gazeti mbele ya uso na kukoroma nyuma yake. Mimi hupita na rula yangu, nagonga meza, ko ko ko. Wanaamka, wanageuza ukurasa kwa heshima, wanalala tena.

Lakini kila siku hakosekani mmoja ambaye simu yake imechelewa kujaa chaji, amechoka kuingoja, akanyoosha mkono rafuni ili ajipunguzie uchovu tu. Nikimwona amefika ukurasa wa pili, sipiti karibu yake na rula. Hata kikohozi nakimeza.

Basi akaja afisa wa halmashauri, kijana mpole mwenye tai na viatu vya ncha kali. Akaniamkia, "Shikamoo, mama," kwa sauti ya taratibu kabisa. Ofisini mtu akikuamkia vizuri namna hiyo, jua kuna jambo.

Jambo lenyewe lilikuwa kwamba nyumba yetu itageuzwa ukumbi wa mikutano na sherehe. Vitabu vitapelekwa ghala kuu, na mimi nitahamishiwa kitengo cha vibali vya mabango. Ghala hilo nalijua. Paa linavuja, na panya wa humo wamesoma kuliko mimi.

"Lini?" nikauliza.

"Vitabu vyote vikisharudi, mama. Mtunza ghala hapokei mzigo pungufu. Virudi vyote, vifungwe kwenye maboksi, ndipo utukabidhi ufunguo."

Nilicheka mpaka akaniuliza kama naumwa. Vitabu vyote! Tangu maktaba hii ijengwe, vitabu vyake havijawahi kulala nyumbani vyote. Nimewafukuzia watu wa mji huu maisha yangu yote na bado vingine huko majumbani vinazuia milango isijifunge. Nikaona dawa ni moja: nikae, ninyamaze, nisimkumbushe mtu. Kwa mara ya kwanza niliutegemea uzembe wa watu wa mji huu, wala sikuwa na shaka nao.

Wakaniangusha.

Habari za kufungwa zilipoenea, walianza kurudisha. Wa kwanza alikuwa daktari wa meno. Akafuata mjane wa kuku, amekifunga kitabu kwenye kanga kama mtoto mchanga. Wakaja watu ambao nilishawakatia tamaa, wakaja hata watoto wa watu waliohama. Vingine vilinuka moshi, kimoja kilinuka samaki, lakini vyote vilikuja, na kila aliyeleta alisimama mbele ya meza yangu ameinamisha kichwa. Ningewakataliaje? Mtu kaniamkia, kaweka kitabu mezani, mkono wangu umeshakipokea wenyewe na kukigonga muhuri wa kurejeshwa. Mazoea yana tabu.

Siku wifi yangu, dada wa mume wangu, alipoingia na kile kitabu cha mitindo ya kushona, nilijua maji yamefika shingoni.

"Wewe!" nikamwambia. "Si uliniapia kwamba huna?"

"Niliapa hakimo kabatini, wifi. Kilikuwa chini ya godoro."

"Basi kirudishe godoroni."

"Thubutu! Sisi tumekaa tumesema, huyu mama tumemsumbua vya kutosha. Leo anafungiwa nyumba yake, aondoke bila kinyongo. Tumpe heshima yake ya mwisho."

"Heshima ya mwisho hupewa maiti."

"Ona unavyolia kwa furaha," akasema, akanikumbatia. Nilimsukuma. Sikuwa na furaha hata chembe. Nilikuwa nawapenda watu wale na natamani kuwachapa, wote, kwa zamu.

Wifi akajipangusa, akaongeza, "Sasa amebaki Mkaidi tu. Naye nimemwona jana anakifuta vumbi kitabu chake."

Mkaidi ni fundi viatu. Kibanda chake kiko ng'ambo ya barabara, sawasawa na dirisha langu, na kwa miaka mingi tumekuwa kama chui na mbuzi, ila hatujakubaliana nani chui. Aliazima kitabu cha ufugaji wa nyuki. Hana nyuki. Hana hata asali. Nilimwambia arudishe, akasema ngoja. Nikamwambia hangojwi mtu, akasema basi hatarudisha kabisa. Ndivyo alivyo. Ukimwambia jua linawaka, atafungua mwavuli akwambie inanyesha. Wahenga walisema mkaidi hafaidi, lakini huyu kafaidi kitabu chetu mpaka jalada limebadilika rangi.

Kesho yake afisa alipiga simu. "Hongera sana, mama! Makao makuu hawaamini. Kimebaki kimoja tu? Nakuja kesho tukifuate pamoja."

Nilipongezwa, sikieni nyie. Nilipoweka simu chini niliangalia zile rafu tupu na maboksi yaliyopangwa hadi dirishani. Wasinziaji walikuwa wameacha kuja. Hata wao waliona aibu kusinzia kwenye nyumba ya msiba. Nikajitanda kanga, nikavuka barabara.

Mkaidi alikuwa peke yake, anakata soli. Kitabu cha nyuki kilikuwa juu ya kisanduku cha misumari, kimefungwa vizuri kwenye karatasi ya khaki. Kilikuwa tayari kwa safari.

"Fundi," nikasema, "nimekuja kukuomba. Kile kitabu, usikirudishe."

Akaacha kukata. "Umesemaje?"

"Kaa nacho. Kikirudi kile, nyumba imekwenda. Nakuomba, ndugu yangu."

Neno ndugu halikuwahi kupita kati yetu. Akachukua tena kisu chake. "Miaka yote unanipigia kelele nirudishe. Leo nimekifunga vizuri, nimekitilia na gundi mgongoni, unaniambia nisirudishe. Mimi si kitoto cha kuchezewa. Kesho kinarudi."

Ala! Mjinga ni mimi. Mtu namjua kwa ubishi kama ninavyojua kiganja changu, halafu naenda kumwambia ninachotaka. Nilikuwa nimejipalia makaa kwa mikono yangu miwili. Nilirudi nikakaa kwenye kiti cha msinziaji mmoja, kile chenye mguu mfupi, nikalia mpaka kanga ikalowa. Nasema waziwazi, sioni aibu. Katika nyumba ile nimekaa kuliko katika ile niliyozaliwa.

Afisa alikuja asubuhi na kalamu mpya. Tulivuka pamoja. Njiani nilikuwa nimebakiwa na ujanja mmoja tu, ule wa tangu zamani.

Kibandani kwa Mkaidi palikuwa na watu kwenye benchi, kila mmoja na mguu mmoja peku, wanangoja kiatu. Nikajaza kifua hewa.

"We Mkaidi!" nikafoka. "Rudisha kitabu cha serikali! Sasa hivi! Mtu mzima ovyo, huna haya, umekalia mali ya umma kama kuku atamiaye! Rudisha nasema!"

Benchi zima likageuka kututazama. Afisa akarudi nyuma hatua. Mkaidi akanitazama usoni. Kisha akachukua kile kifurushi cha khaki. Afisa akanyoosha mkono kukipokea.

Mkaidi akachana karatasi, akafungua kitabu katikati.

"Sirudishi," akasema. "Sijamaliza."

"Hujamaliza?" afisa akauliza. "Mzee, si umekaa nacho miaka?"

"Nasoma polepole."

"Hatujamaliza," akadakia mama mmoja kutoka benchi, kiatu chake kikiwa bado mezani kwa fundi. "Tuko pale nyuki walipotoka mzingani. Wamening'inia tawini hawajui waende wapi."

Hapo ndipo nilipoambiwa nisilolijua, mimi niliyekiangalia kibanda kile dirishani kila siku ya Mungu. Nilidhani watu wale wanapiga soga. Kumbe gundi ikipakwa lazima isubiriwe ikauke, na wakati inakauka Mkaidi huwasomea ukurasa mmoja. Mwenye kiatu kikubwa husomewa miwili. Kuna watu, aliniambia yule mama, walikuwa wakileta viatu vizima.

Afisa akafungua mkoba wake, akatafuta humo, akafunga. "Kama kimepotea, tungeandika kimepotea. Kitabu kilichopotea kina utaratibu wake."

"Hiki hapa," Mkaidi akasema, akakinyanyua akionyeshe.

"Nakiona, mzee. Hilo ndilo tatizo. Kitabu kinachosomwa hakina utaratibu." Akafikiri. "Utamaliza lini?"

"Inategemea viatu." Mkaidi akainama, akatazama chini ya meza. "Chako, kwa mfano, soli imeachia mbele. Ukitembea nayo hufiki ofisini. Vua."

Afisa akatazama. Kweli, ile ncha kali ilikuwa imefunua mdomo. Alisita, akavua, akakaa benchini na soksi yake yenye tundu la kidole gumba. Mkaidi akapaka gundi, akabana, akajifuta mikono, akasoma. Alisoma jinsi malkia anavyotoka na kundi lake, wanavyojikusanya kwenye tawi huku wachache wakitumwa kutafuta makazi. Aliongeza na vyake. Kitabu hakisemi kwamba malkia alisonya. Sikumsahihisha. Afisa alikuwa ameegemeza kidevu kwenye mkoba.

"Wakipata mahali pabaya?" akauliza.

"Gundi imekauka," Mkaidi akasema, akafunga kitabu. "Vaa kiatu chako."

Afisa alivaa. Aliandika kwenye karatasi yake maneno machache, akanionyesha niweke saini: makabidhiano yameahirishwa, kitabu kimoja bado kinasomwa. Akatuaga kwa heshima, akaenda zake.

Nilibaki nimesimama. Nilitaka kumshukuru yule mzee, lakini mdomo haukuzoea.

"Nilidhani unakirudisha," nikasema.

"Nilikuwa nakirudisha. Jana ulinikasirisha." Akachukua kiatu kingine. "Ila leo umefoka vibaya. Nimekusikia ukifoka miaka yote, hukuwahi kufoka kwa kuogopa. Nikaona huyu mama yamemfika. Sasa ondoka kwenye mwanga wangu, nafanya kazi."

Niliondoka.

Maboksi nimeyafungua, maana agizo linasema maktaba haijakabidhiwa, na maktaba ambayo haijakabidhiwa haiwezi kukaa na rafu tupu. Wifi alikuja kuazima tena kile kitabu cha kushona. Nilimwazima. Nilimpa na siku ya kurudisha, nikamkazia macho, na nina hakika kimesharudi godoroni. Wasinziaji wamerejea na magazeti yao. Rula bado ninayo, ko ko ko, na bado hawaamki.

Afisa hupiga simu kila mwisho wa mwezi. Mwanzoni alikuwa akiuliza, "Kimerudi, mama?" Namjibu bado. Mwezi uliopita alipiga, akaniuliza kama wale nyuki walipata pa kwenda.

Nikamwambia mimi sisimulii vitabu, mimi naazimisha. Aje mwenyewe ajiandikishe kama mtu mwingine yeyote, na kitabu kikirudi atakuwa wa kwanza kukipata.

"Na kikirudi, mama, si maktaba inafungwa?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Kwa hiyo usiwe na haraka."

Alikuja Jumatatu, akajiandikisha. Kisha akavuka barabara na kiatu mkononi.