Siku Mama Aurore Aliporudi Redioni

Miaka kumi na moja naendesha mjadala wa Jumamosi mchana kwenye redio yetu ndogo hapa Kagugu, na kazi yangu, tuseme ukweli, ni kuchochea moto. Watu wakikubaliana mapema, simu zinakauka. Ndiyo maana nilimpenda Mama Aurore.

Jina lake Médiatrice. Anauza maharage na viazi Rwezamenyo, amekulia Bujumbura, na mdomo wake ni wembe. Tulipoanza vipindi kuhusu mabadiliko ya tabianchi, nilimwalika abishane na Conrad, mtaalamu wa hali ya hewa, mtu mwema anayesema "asilimia" mara nyingi kuliko "habari gani". Conrad alieleza kwamba mvua iliyozoea kugawanyika wiki nzima siku hizi inaweza kushuka yote mchana mmoja, na kwamba wanaokaa kwenye miteremko mikali wahame kabla ya Aprili.

Mama Aurore alicheka mpaka maikrofoni ikakoroma. "Bwana Conrad, mvua ya mwezi wa ine iko tangu Adamu! Nyumba zetu ziko pale miaka makumi mbili. Wewe ulishaona mulima iko natembea?"

Simu zikamiminika. Watu walimpigia makofi hewani. Conrad alipoanza kujibu, nikatia wimbo. Jioni nilirudi kwangu Kinyinya nikipiga mluzi. Kipindi kilikuwa kimefana, nikataka nini tena?

Nilichokuwa sikijui ni kwamba kule mtaani kwa Mama Aurore, kwenye mkutano wa baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi, anayepigiwa makofi ndiye aliyemaliza jambo. Na watu waliisikiliza redio vilevile. Usumani, fundi cherehani, jirani yake wa upande wa chini, alikuwa ameshafunga mizigo ahamie kwa dada yake, yeye na mke na watoto wanne. Aliposikia yale makofi, akafungua mizigo.

Jumamosi ya mwisho ya Machi wakaenda umuganda kama kila mtu, wakazibua mtaro nyuma ya nyumba ya Usumani. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo. Jembe la Mama Aurore likazama mpaka kwenye mpini. Akafukua, akaona ufa ardhini unaofuata ukuta wote wa nyuma, mpana kiasi cha kuingiza mkono. Haya yote alinisimulia mwenyewe baadaye.

"Usumani, mutoke humu leo," alimwambia. "Miye nilisema vibaya."

Usumani akaegemea koleo lake. "Mama Aurore, mtaa mzima ulikusikia ukisema tukae. Nikitoka kwa neno la hapa mtaroni, nitaitwa mwoga, na wenzangu wa huku chini watabaki. Lilisemwa redioni, lirudi redioni."

Wako wangapi wangesema "shauri yako" na kwenda kunawa miguu? Yeye alipanda moto, pikipiki ya abiria, na gambuti zake zenye tope, akaja mpaka Kagugu, akaingia studioni bila hodi. Conrad alikuwa ameshakaa. Mimi nikafurahi kama mjinga, nikajua amekuja kumalizia ugomvi.

"Karibu, Mama Aurore!" nilimchokoza. "Haya, mlima umetembea?"

"Iko natembea," alisema, na hakucheka.

Akaivuta maikrofoni. "Miye ni Médiatrice wa Rwezamenyo. Nilikosea. Nilichekesha watu, nikafikiri kuchekesha ni kushinda. Bwana Conrad alisema kweli, miye nikamukata maneno. Nilikosea. Usumani, uko nasikia? Ufa nimeuona na macho yangu. Kamata bibi, kamata watoto, utoke. Na kama kuna mwingine alibaki juu ya maneno yangu, naye atoke. Nilikosea. Kunicheka, mutanicheka kesho."

Kwenye kiti kile wamekaa wasomi na wakubwa. Wote ni mafundi wa kuzunguka: sikueleweka, mlinikata katikati, tusubiri takwimu. Huyu muuza viazi alisema "nilikosea" mara tatu, kichwa juu, tope limemkaukia shingoni, mbele ya watu walewale waliomshangilia. Nilimheshimu mno, nikasahau hata kuweka tangazo. Sijawahi kuona ushujaa wa namna ile, na sikudhani ningeuona kwenye kipindi changu.

Conrad angeweza kulipiza. Badala yake aliuliza tu, "Maji ya mtaro yanaingia kwenye huo ufa, mama?" Alipoambiwa ndiyo, akaanza kufunga begi lake.

Simu ikawaka. Ni Usumani. "Mama Aurore, tumesikia, na majirani wamesikia. Tunatoka. Sasa acha redio uje unishikie godoro, mke wangu anaumwa mgongo."

Mama Aurore akavua visikilizio, akavitua mezani, akatoka. Conrad akamfuata mbiombio. Nikabaki na nusu ya kipindi na viti viwili vitupu.

Simu ikawaka tena. Sauti ya mwanamke, hakutaja jina. "Benon, kaka yangu, na mimi nilibaki kwa sababu ya kipindi chenu. Nyumba yangu ni ya tatu kutoka kwa Usumani, upande wa chini. Nitoke?"

Mtu akiniuliza hivyo, siku zote husema, "Swali zuri, wasikilizaji mnasemaje?" Maneno hayo yalikuwa tayari ulimini. Nikayameza.

"Nilikosea na mimi," nilimwambia. "Toka, dada. Usingoje kipindi kiishe."