Komanda Amemaliza Kukua

"Huyo si mbwa anayekua, mama Irambona. Huyo ni mbwa anayenenepa," Adventina alisema, na mikono yake miwili ikaonyesha unene wenyewe, ili hata waliokuwa mbali barabarani wasikose.

Kaneza alimjibu kwamba mtu ambaye kuku wake wanalala kitandani na watoto asimfundishe mwenzake kufuga. Hapo mambo yakaharibika. Adventina alikuwa mdogo kwake kiumri, na siku zote alitanguliza shikamoo kabla ya umbea. Asubuhi hiyo shikamoo ilibaki huko huko nyumbani kwake. Alikuja moja kwa moja mpaka kwenye uzio wa minyaa kwa sababu Komanda aliingia jikoni kwake kula dagaa, na alipofukuzwa akashindwa hata kukimbia. Alijikokota kidogo, akalala chini ulimi nje, akihema kama mzee aliyepanda kilima na gunia kichwani. Adventina akalazimika kumbeba mwizi wake kumrudisha kwao, na hilo ndilo lililomuudhi kuliko dagaa.

Majirani walishaanza kusogea, mmoja na jembe, mwingine na mswaki mdomoni. Adventina alipoona wamefika wa kutosha akaeleza kuwa mbwa wa namna hiyo aliwaona Biharamulo, kwa mkandarasi mmoja wa barabara. Wanazeeka wakiwa na kimo cha paka. Halafu akamgeukia Kaneza, sauti ikashuka.

"Hapo alipofika ndiyo mwisho wake. Hakui tena huyo."

Kila mtu alingoja Kaneza arushe la kwake, maana mdomo alikuwa nao. Yeye akamchukua Komanda mikononi, akaingia ndani, akafunga mlango mchana kweupe.

Hakuna aliyejua neno hilo lilimchoma wapi. Kaneza aliishi peke yake katika nyumba ya vyumba vitatu. Mumewe, Matiasi, alikuwa amelala nyuma ya migomba, chini ya msalaba wa saruji. Binti zake waliolewa Burundi, walikorudi wazee wao, na kitinda mimba Irambona alikuwa Mwanza anachomelea mageti ya watu. Ilipita Krismasi, ikapita nyingine, Irambona hajaonekana. Kisha siku moja fuso likasimama barabarani, akashuka dereva Wiston, kijana wa Nyamigogo, na katoni ya sabuni yenye matundu. Ndani mlikuwa na kambwa keupe, manyoya kama pamba, kalikotoka kwa tajiri aliyekuwa akihama. Wiston, mguu mmoja tayari garini, alitoa salamu zake:

"Irambona anasema huyu anakura kidogo kidogo, mama. Na yeye mwenyewe atakuja kumwona akishakuwa mkubwa."

Kaneza aliyashika maneno hayo kama mtu anavyoshika kamba ya ndoo kisimani. Mbwa anakua kidogo kidogo. Vema, basi atasaidiwa. Alimpa jina la Komanda ili ajue anakotakiwa kufika. Asubuhi uji wa mtama wenye maziwa, mchana ugali na mchuzi, jioni viazi vilivyopondwa, na yeye mwenyewe akila kile kilichobaki. Kila mwezi ulipoandama alimsimamisha kwenye mwimo wa mlango na kuchora mstari wa mkaa juu ya mabega yake. Mwanzoni mistari ilipanda vizuri, mmoja juu ya mwingine, na jioni hizo Kaneza alifagia hata chumba cha Irambona. Baadaye mistari ikaanza kuangukia pale pale mpaka ikawa mmoja mnene. Kaneza akalaumu sakafu. Alisema imedidimia kwa mvua.

Hata mwenye duka, Gervasi, alikuwa amemwambia atazame nyayo, kwamba mbwa wa nyayo kubwa hukua mkubwa. Kaneza alizitazama kila siku. Zilikuwa nyayo za kutosha, aliona, mtu akiwa na imani.

Juma hilo hilo bwana mifugo, Danstan, alikuja kuchanja mbuzi, akaegesha pikipiki yake mbele ya duka la Gervasi. Adventina ndiye aliyepeleka habari, na kwa kuwa habari zake hutembea na watu, Kaneza alipofika na Komanda kwenye kikapu alikuta baraza limejaa. Hakwenda kwa ajili ya ugomvi. Alitaka kusikia kwa mtu mwenye kazi yake kwamba bado anakua.

Danstan alimpa shikamoo, akamfungua Komanda mdomo, akamkagua meno mpaka magego ya nyuma. Akamkandamiza mbavuni. Akamtazama kutoka juu, akatikisa kichwa: mbwa mwenye afya, alisema, ukimtazama kwa juu unaona kiuno, na ukimpapasa unazisikia mbavu bila kuzitafuta. Huyu mbavu alizificha wapi? Watu wakacheka. Kikapu kikaning'inizwa kwenye mizani ya maharage ya Gervasi, Komanda akichungulia nje kama bwana arusi, na mshale ukasimama kwenye kilo saba pungufu kidogo.

Danstan aliuliza kama kuna anayekumbuka uzito wake alipokuja. Gervasi alikumbuka, kwa sababu yeye na Wiston walimpima kwa utani siku ile ile: kilo mbili. Na meno? Kaneza akasema kwa sauti ndogo kwamba meno ya utoto ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza kudondoka, aliokota moja kwenye mkeka.

"Basi alikuwa na miezi minne hivi," Danstan alisema. "Mbwa wa mbegu hii ndogo, uzito wa umri ule ukiuzidisha mara mbili unapata karibu na ule wa ukubwani. Kilo nne, nne na kidogo. Hizi nyingine ni uji wako, mama. Zinamchosha moyo na magoti. Kuanzia leo mpe kijiko kimoja tu kwa mlo. Nani alikuambia umlishe hivi?"

Kaneza alirudia maneno ya Wiston kama alivyoyapokea: anakura kidogo kidogo.

Adventina akashika kiuno. Wiston gani, aliuliza, si huyu wa Nyamigogo ambaye lori kwake ni rori na kalamu ni karamu? Huyo alitaka kusema anakula! Anakula kidogo kidogo! Naye mama Irambona, ambaye kwa Kirundi cha kwao gukura ni kukua, akasikia la kwao. Kicheko kilichopanda pale kiliwaamsha mbuzi. Hata Danstan aliegemea pikipiki yake akifuta macho. Kaneza naye alicheka, kwa kuwa lilikuwa jambo la kuchekesha, na kwa kuwa wote walikuwa wakimtazama.

Lakini salamu zilikuwa na nusu ya pili, ambayo hakumwambia mtu, na Wiston hakuwa ameikosea.

"Kwa hiyo hatakua tena?" aliuliza kicheko kilipopungua. "Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mama. Huyu alishakuwa mkubwa tangu Pasaka."

Tangu Pasaka. Maharage yalipandwa yakavunwa tangu Pasaka. Kaneza alishukuru, akakibeba kikapu, na badala ya kushuka nyumbani akapanda kilimani kwenye uwanja wa mpira, mahali simu inapokamata.

Irambona alipokea katikati ya kelele za mashine. Alimsalimia vizuri, akamuuliza mvua, akamuuliza mgongo. Kaneza alingoja mashine inyamaze.

"Mbwa amekua," alimwambia.

"Mbwa yupi, mama?"

Alimweleza. Irambona akacheka, cheko zuri lile lile la utotoni, akasema loo, kale kambwa, bado kapo? Alifurahi kusikia. Kazi zilikuwa nyingi, alisema, tajiri mpya hatoi ruhusa. Wataona huko mbele, Mungu akipenda. Kisha mtu akamwita huko kazini, na simu ikakatika bila mtu kuaga.

Kaneza alikaa kidogo kwenye nyasi. Watoto walikuwa wamekwenda majumbani kula, uwanja ulikuwa mtupu, na milingoti ya goli ilisimama bila wavu. Chini aliliona bati la nyumba yake, na moshi wa nyumba zote isipokuwa yake. Hakulia. Alikuwa akifikiria jambo dogo tu: kwamba kuanzia leo chungu cha mchana kitakuwa kikubwa mno, kwa sababu mwenzake Komanda ameandikiwa kijiko, na yeye hakuwahi kujua kupikia mtu mmoja.

Njia ya kushukia hupita uani kwa Adventina, haina pengine pa kupita. Kwa Adventina kulikuwa kama kawaida: watoto wake, watoto wa dada yake, shemeji aliyekuja kwa siku mbili akasahau kuondoka, na mgeni kutoka Nyakisasa ambaye hakuna aliyejua hasa ni wa nani. Sinia la ugali wa muhogo na bakuli la sombe, kisamvu cha huko, vilikuwa vikipita mlangoni. Adventina alimwona, akaacha kila kitu, akaja na kicheko kingine mdomoni tayari kuendeleza cha dukani.

"Shikamoo, mama Irambona. Ulikuwa unampigia Wiston umtukane?"

"Marahaba." Kaneza alishusha kikapu. "Nilimpigia Irambona. Alisema atakuja mbwa akikua."

Adventina alimtazama Kaneza, akamtazama Komanda, na alionekana kuhesabu kimya kimya ile miezi ya uji, akafika mwisho wa hesabu. Mtu mwingine angesema pole. Yeye aligeuka akawapigia kelele watoto wasogee upande wa ukutani, akamwambia shemeji anyanyuke kwenye kigoda, kisha akamshika Kaneza mkono juu ya kiwiko, kama mtu anayeogopa ataponyokwa.

"Ingia ndani tule," alisema. "Sombe ni ya moto bado."