Kola Zilizopoteza Vipimo

Siku hiyo mjinga alikuwa Mkaguzi. Siku hizi analikubali mwenyewe, tena akiwa amekunja nne, kama mtu anayesimulia safari aliyoifaidi. Maisha yake yote ya kazi alikagua mita za maji za mji mzima. Aliwaumbua walioziziba, waliozipindua na waliopitisha bomba chini ya sakafu, wala hakuna aliyewahi kumlaghai. Akaja kulaghaiwa sebuleni kwake, amevaa kandambili, kikombe cha chai mkononi.

Kompyuta ya nyumba ilikuwa juu ya meza karibu na dirisha. Ilinunuliwa kwa ajili ya kazi ya mkewe, lakini aliyeikalia alikuwa mume. Mke huyo, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alikuwa na zabuni ya kushona sare za wauguzi wa hospitali kubwa. Vipimo vya kila muuguzi, shingo, mabega, kifua, kiuno na urefu wa mkono, alivihifadhi humo. Aliviingiza alfajiri, kwa sababu mume akishaamka kiti kilikuwa hakibanduki.

Binti yao, naye muuguzi wa hospitali hiyohiyo, alikuwa amewawekea programu ya kinga. Aliwaambia wasifungue kiambatisho cha mtu wasiyemjua, na neno la siri wasilibandike kwenye kioo cha kompyuta. Akamletea mama yake diski ya nje ya kuwekea nakala za vipimo, akamsihi aichomoe kila akimaliza na kuifungia kabatini, mbali na kompyuta. Mkaguzi alisikiliza yote hayo akiitikia kwa kichwa kwa heshima. Kisha akaizima programu ya kinga, kwa kuwa ilimkatiza mpira kwa maonyo yake, na yeye hakuzoea kukaguliwa. Neno la siri likabaki kwenye kioo. Diski akaijaza mechi za zamani ambazo matokeo yake aliyajua kwa moyo, akaiacha imechomekwa mchana na usiku.

"Na vipimo vyangu?" Fundi aliuliza.

"Vimo ndani ya kompyuta, mama watoto. Vitakwenda wapi? Havina miguu."

Barua pepe ilifika asubuhi, wakati Fundi yuko chumba cha nyuma na cherehani yake. Ilitoka kwa Baraza la Kimataifa la Wakaguzi wa Mita. Ilimtaja kwa jina lake kamili na kumtangaza Mkaguzi Bora wa Kizazi Chake. Cheti kimeambatishwa, abofye tu akipokee. Anwani ya mtumaji ilikuwa herufi na tarakimu zilizomwagika kama shanga zilizokatika uzi. Mkaguzi hakusoma anwani. Alisoma jina lake, akafuta miwani, akalisoma upya. Siku aliyostaafu walimvua kitambulisho getini wakamkumbusha asisahau mwavuli, basi. Hakuna aliyemwambia ahsante.

Akabofya.

Mtu mmoja akatokea nyuma ya kompyuta, pale zinapoingilia nyaya. Alikuwa amevaa suti ya kijivu, na kwapani alibana mkoba mweusi. Akajipangusa vumbi mabegani.

"Hodi," alisema, akiwa tayari yuko ndani.

"Karibu," alijibu Mkaguzi, kwa sababu hodi hujibiwa hivyo.

"Nimeleta cheti, Mheshimiwa. Kinahitaji muda kidogo kufunguka. Naomba kiti."

Mkaguzi, ambaye hakuwahi kumpisha mtu kwenye kiti kile, alinyanyuka. Mgeni akaketi, akakunja mkono wa shati, akautia mkono ndani ya kioo hadi kwenye kiwiko. Akaanza kutoa tarakimu mojamoja kama mtu anayechambua mchele, akizitupa mkobani. Zilianguka kwa mlio mdogo, kama pini.

"Hizo unazotoa ni nini?" Mkaguzi aliuliza.

"Takataka tu, Mheshimiwa. Napisha nafasi. Cheti chako ni kikubwa."

Mkaguzi alifurahi kusikia kwamba ni kikubwa. Akaenda kumtilia mgeni chai.

Chumba cha nyuma, sare moja iliyokuwa kwenye kiango ilirefuka mikono hadi ikagusa sakafu. Fundi aliitazama, akaikunja mikono ile, akaendelea na pindo lake. Ya pili ilipoporomoka kiuno alisimamisha cherehani. Hapo ndipo binti alipoingia kutoka zamu ya asubuhi, ameishika kola kwa mikono miwili.

"Mama, kola inanibana. Imeanza kituo cha basi, na haiachi."

Fundi alijaribu kupenyeza vidole kati ya kitambaa na shingo, havikupita. Alijaribu ncha ya mkasi, nayo haikupita. Uso wa binti ulikuwa umeanza kuvimba.

"Nguo isiyo na kipimo haijui pa kukomea," alisema Fundi. Akachukua utepe wa kupimia, akauzungusha shingoni mwa mwanawe juu ya kola, akatoa unene wa kitambaa kwa hesabu ya kichwani, kisha akaitamkia kola ile tarakimu kwa sauti, kama mtu anayemwita mtoto aliyekwenda kucheza mbali. Kola ikatulia, ikarudi mahali pake. Binti akavuta pumzi, akakohoa, akavuta nyingine.

"Wenzangu wako wodini," alisema alipoweza. "Wote wamevaa."

Walipofika sebuleni, mgeni aliinua macho kwa adabu.

"Shikamoo, mama."

Fundi hakuitikia. Aliutazama mkono ule uliozama kwenye kioo, akautazama mkoba uliotuna, akamgeukia mumewe.

"Chomoa waya."

"Ngoja kidogo. Imebaki robo."

"Baba, huyu ni virusi," alisema binti.

"Huyu ni mjumbe. Huoni kavaa suti?"

"Sasa ulitaka aje kavaa kaniki ili umjue?"

Binti alielekea kwenye soketi. Mkaguzi alimtangulia, akasimama mbele yake, mgongo ukutani na mikono ameitanua, kama alivyosimama zamani mbele ya mita wenye nyumba walipotaka kumsukuma. Alikuwa mzee lakini bado alijaa mlango. Mgeni aliendelea kuchambua, na mlio wa pini ukaongezeka kasi.

Simu ya binti ikaita. Alikuwa muuguzi mwenzake, sauti imekuwa nyembamba kama uzi, akitaka kujua kama Fundi yuko karibu.

"Baba watoto," Fundi alisema polepole, akiuning'iniza utepe shingoni, "sina muda wa kushikana mieleka na wewe. Mimi nakwenda kuwahi shingo za watu. Chomoa waya huo. Nakuomba."

"Nenda, nenda. Nachomoa sasa hivi."

Wakatoka mbio.

Wodini, wauguzi walikuwa wamekaa kwenye benchi la wageni, kila mmoja ameshika kola yake. Wagonjwa waliojiweza waliwapepea. Mzee mmoja mwenye mguu wa plasta alikuwa akimwambia muuguzi wake apumue kwa pua, maneno aliyofundishwa naye wiki hiyo. Fundi aliuliza ni nani amebanwa zaidi, akaanza na huyo. Alipima, akatoa unene wa kitambaa, akatamka, akahamia kwa mwingine. Binti alitembea mbele yake akiwapanga kwa rangi za nyuso. Metroni, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha, alikataa kupimwa kabla wasichana wake hawajaisha. Zamu yake ilipofika hakuweza kusema. Aliashiria tu kwa kidole, na Fundi ilibidi aitamke tarakimu mara mbili kabla kola haijalegea.

Shingo zote zikatulia. Watu wakaanza kuketi vizuri.

Kisha muuguzi wa kwanza kupimwa akasema, "Fundi, sasa mabega."

Fundi aligeuka. Mabega ya msichana yalikuwa yakikutana kifuani, kama mbawa za kuku aliyefungwa. Wa pili akashika kiuno. Wa tatu naye.

Hakuna aliyemwambia Fundi kitu, lakini alijua. Waya haujachomolewa.

Binti naye alijua. Alimtazama mama yake, kisha akautazama utepe. "Rudi mwanzo, Mama," alisema. "Tukilia tutachelewa."

Wakarudi mwanzo. Walipima mabega, kisha vifua, kisha viuno, wakikimbizana na mkono usiokuwepo pale. Tarakimu zikataka kumchanganya Fundi, akawa anazitamka huku amefumba macho. Mara nguo zote zikatulia kwa pamoja, ghafla kama umeme unavyokatika, na wodi nzima ikashusha pumzi. Haikuwa kwamba waya umechomolewa. Mgeni alikuwa amemaliza. Hakukuwa tena na kitu cha kutoa.

Metroni alimsindikiza Fundi hadi ngazini. Shingoni alikuwa na alama nyekundu iliyozunguka kama mkufu.

"Fundi, mkono wako sina ugomvi nao," alisema. "Ugomvi wangu ni na nyumba yako. Vipimo vya wasichana wangu vilikaa mahali ambapo kila apitaye alikaribishwa. Siwezi kuvirudisha huko."

Zabuni ikapewa kiwanda chenye saizi tatu: ndogo, ya kati na kubwa. Tangu siku hiyo wauguzi wa hospitali ile huvaa nguo za watu wengine.

Fundi na binti waliporudi, Mkaguzi alikuwa amekwisha kutundika cheti ukutani. Kilikuwa kikubwa kweli, kina mhuri wa dhahabu. Mgeni alikuwa amejinyoosha kwenye sofa, mkoba ameufanya mto, viatu amevivua na kuvipanga vizuri.

Mtengeneza kompyuta waliyemwita aliruka miguu ya mgeni bila kuuliza ni ya nani. Alipekua, akakuna kidevu, akasema vipimo vilivyokwisha kuingia mkobani haviwezi kurudi; kama pangekuwa na nakala kwingine lingekuwa jambo jingine. Kuhusu huyu wa sofani, alisema, hutoka kompyuta ikifutwa yote ikaanza upya, maneno ya siri yote yakabadilishwa, na ile diski nayo ikafutwa, maana muda wote ilikuwa imechomekwa.

"Diski ina mechi zangu," alisema Mkaguzi.

"Basi atakuwepo," alisema mtengeneza kompyuta, akakusanya vifaa vyake.

Binti alisema diski ile ililetwa kwa ajili ya Mama. Mkaguzi alisema ni kweli kabisa, hakuna anayebisha, na ataifuta ligi ikiisha. Mgeni alijigeuza upande wa pili. Jioni hiyo alitengewa sahani, naye akashukuru.

Majirani walianza kuingia kutoa pole. Walikaa pale palipobaki nafasi, mmoja akaomba mgeni amsogezee miguu kidogo. Mkaguzi aliwapokea mlangoni mmoja mmoja, amevaa shati la kutokea, sura ameikunja kwa huzuni.

"Tumevunjiwa," aliwaambia. "Mchana kweupe. Wamekuja wataalamu, watu wa kimataifa. Mlango wangu wameuvunja hivihivi nikiona. Angekuwa mwingine yeyote, msingekuta hata nyumba."

"Aisee," alisema jirani mmoja, akichungulia mlango, ambao haukuwa na hata mkwaruzo. "Walitumia nini?"

"Hiyo ni mitambo. Hata nikikueleza hutaelewa. Hawa jamaa wana nguvu, na mlango wowote, uwe wa chuma, uwe wa nini, wakiamua kuuvunja…"

Fundi alikuwa amekaa karibu na cherehani iliyofunikwa, akiukunja utepe wake. Hakuinua macho.

"Hakuna kilichovunjwa, baba watoto," alisema. "Mlango ulisifiwa, ukafunguka wenyewe."